Vikaango na Sufuria za Chuma cha Kusubu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyenunua kikaango cha chuma akaambiwa masharti lukuki, wa aliyerithi kimoja kilichojaa kutu, na wa anayefikiria kununua lakini anaogopa kazi ya kukitunza. Masharti mengi hayana msingi. Yaliyo ya kweli ni machache, na yote yanahusu mambo mawili: maji yanayoachwa juu ya chuma na mafuta yanayopakwa kupita kiasi.

Chuma cha kusubu ni chuma gani?

Ni chuma kilichoyeyushwa kikawa majimaji, kikamiminwa kwenye kalibu, mara nyingi ya mchanga, kikaachwa kigande kwa umbo la chombo. Ndani yake mna kaboni ya takriban asilimia 2 hadi 4, pamoja na silikoni kidogo. Chuma kitupu huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, lakini kaboni hiyo huteremsha kiwango hadi karibu na nyuzi 1,200, na ndiyo maana kukimimina kuliwezekana tangu zamani. Wachina walikuwa wakisubu chuma karne nyingi kabla ya watu wa Ulaya. Huko Uingereza, Abraham Darby alipata hataza mwaka 1707 ya kusubu vyungu vya chuma kwenye kalibu za mchanga, na viwanda vya leo bado vinafuata njia hiyo, ila mashine zimechukua nafasi ya mikono.

Kaboni hiyohiyo ina ubaya wake. Chuma hiki ni kigumu lakini hakina unyumbufu. Sufuria ya alumini ikianguka sakafuni hubonyea. Ya chuma cha kusubu inaweza kupasuka vipande viwili.

Je, ni kweli kinasambaza joto vizuri kuliko vyombo vingine?

Hapana, ingawa wauzaji hawachoki kulisema. Katika kupitisha joto, chuma cha kusubu hakifui dafu mbele ya alumini, ambayo hupitisha joto haraka zaidi kwa takriban mara nne, seuze shaba. Weka kikaango kipana juu ya moto mdogo, subiri dakika mbili, kisha nyunyiza matone ya maji: katikati yatachemka na kurukaruka, pembeni yatatulia tu kama hakuna moto.

Sifa yake ni kushika joto. Kwa kuwa ni kizito na kinene, kikishapata moto hakipoi haraka. Ukiweka nyama baridi kwenye kikaango chembamba, joto huporomoka, nyama ikatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Kwenye chuma kizito joto hubaki juu na nyama hupata ule ukoko wa kahawia. Kwa hiyo kipe muda: dakika tano hadi kumi juu ya moto wa wastani, ukikizungusha mara mojamoja, kabla hujaweka chochote.

Ninunue ukubwa gani?

Kama ni kimoja tu, chukua kikaango cha kipenyo cha sentimita 25 au 26. Kinatosha mapishi mengi na uzito wake, kilo mbili na ushei, bado unabebeka. Cha sentimita 30 hufikia kilo tatu na nusu au zaidi kikiwa kitupu, na kikijaa chakula unahitaji mikono miwili. Hakikisha basi kina kishikio cha pili upande wa mbele. Kishike dukani kwa mkono mmoja, na ukihisi kifundo kinalalamika, rudisha.

Nichukue kipya au cha mkono wa pili?

Vyote vinafaa. Vipya vingi huja vimekwisha komazwa kiwandani, yaani vimepakwa mafuta na kupashwa moto hadi mafuta yakawa utando mgumu. Kampuni ya Lodge, iliyoanza mwaka 1896 katika mji wa South Pittsburg, Tennessee, nchini Marekani, ilianza kuuza vyombo vilivyokomazwa tayari mwaka 2002, na wengine wakafuata. Ukinunua kipya cha aina hiyo, unakiosha, unakikausha, unapika.

Vya zamani vina mashabiki wake, hasa vya kampuni za Griswold na Wagner za Marekani, kwa sababu vilikuwa vyembamba kidogo na uso wake ulisagwa ukawa laini. Bei za wakusanyaji nyakati nyingine hazina uhusiano wowote na upishi. Kikaango kisicho na jina, kilichosahauliwa ghalani, kinaweza kupika sawasawa na chenye nembo ya kifahari.

Kabla ya kulipa, kichunguze hivi. Kilaze juu ya meza iliyonyooka kisha ubonyeze ukingo: kikiyumba au kuzunguka kama pia, kitako kimepinda, na hakuna ukomazaji utakaokinyoosha. Kwenye moto wa gesi unaweza kuvumilia mpindo mdogo, lakini kwenye jiko la kioo utateseka. Kisha kining'inize kwa kidole kupitia tundu la mpini, ukigonge ubavuni kwa fundo la kidole au kwa kijiti. Chuma kizima hulia kwa mlio mrefu unaodumu sikioni. Chenye ufa hutoa sauti fupi, ya kukwaruza, inayokatika. Ufa mwembamba hujificha chini ya mafuta ya miaka, hasa pale mpini unapoungana na ukuta, kwa hiyo amini sikio kuliko jicho.

Kutu isikutishe. Kitu cha kutisha ni mashimo yaliyochimbwa na kutu kwenye uso wa ndani, kwa kuwa hayo hayajai. Tazama pia rangi: chuma kilichotupwa kwenye moto mkali huwa na wekundu wa kichokaa usiotoka kwa kusugua, na mafuta hayashiki vizuri juu yake. Kiache.

Na kuna hatari moja isiyoonekana. Baadhi ya sufuria za zamani zilitumika kuyeyushia madini ya risasi, kwa ajili ya vipande vya kuzamisha ndoano na kazi nyinginezo. Vipo vijiti vya kupimia risasi vinavyobadilika rangi. Kama hujui historia ya chombo, pima kwanza, na ukikuta risasi usikipikie. Wala usikisugue ukidhani itatoka, maana vumbi lake ndilo sumu.

Uso wa kikaango changu kipya una ukakasi. Ni kasoro?

Si kasoro. Hizo ni alama za chembe za mchanga wa kalibu, na viwanda vingi siku hizi haviusagi uso baada ya kusubu. Utando wa mafuta huongezeka mwaka hadi mwaka na ukakasi hupungua. Wapo wanaousaga kwa msasa wa mashine. Inawezekana, lakini uso ukilainishwa kama kioo mafuta hukosa pa kushika na utando hubanduka, kwa hiyo mimi ningeacha.

Vile vya rangi, vilivyopakwa enameli, navyo ni vya kundi hili?

Ndani ni chuma kilekile, lakini juu kimefunikwa kwa unga wa kioo ulioyeyushwa kwenye tanuri. Kampuni ya Le Creuset imekuwa ikivitengeneza Ufaransa tangu 1925. Havikomazwi, havishiki kutu mahali penye enameli, na havijali siki wala nyanya. Kwa upande mwingine, havipendi kupashwa moto mkali vikiwa vitupu, na mwiko wa chuma huvichubua. Enameli ya ndani ikianza kumeguka, acha kupikia, kwa sababu vigae vyake ni kioo. Sehemu yote inayofuata hapa chini inahusu vyombo visivyo na enameli.

Kukomaza ni nini hasa?

Ni kupaka mafuta ya kula juu ya chuma na kuyapasha moto hadi yageuke kitu kingine. Kwenye joto kali na hewa, molekuli za mafuta hushikana, zikatengeneza minyororo na kisha wavu mgumu uliong'ang'ania chuma. Wanakemia huita hali hiyo upolima. Matokeo yake ni utando mweusi, mkavu, usiotoka kwa maji wala kwa kidole. Huo ndio unaozuia kutu na kufanya chakula kisinate.

Watu wengi hudhani kukomaza ni kukinywesha chuma mafuta, kwamba kina vitundu vinavyoyafyonza. Hakifyonzi. Ukipaka mafuta mengi kwa imani kwamba yataingia ndani, yatabaki juu, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Nikomaze vipi?

Osha kikaango kwa maji ya moto na sabuni, kikaushe kwa kitambaa, kisha kiweke jikoni dakika chache hadi unyevu wote utoke. Kikiwa bado na uvuguvugu, kipake mafuta kila mahali: ndani, nje, mpini, kitako.

Hatua inayofuata ndiyo yenye siri yote. Chukua kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, uyafute mafuta hayo kana kwamba hukukusudia kuyapaka kabisa. Futa mpaka chuma kionekane kikavu, kisha ukigeuze kuelekea mwanga: kama bado unaona mng'aro wa majimaji au mistari ya kitambaa, futa tena. Kinachobaki baada ya hapo, ambacho macho hayakioni, kinatosha.

Kiingize kwenye oveni kikiwa kimefunikwa kifudifudi, ukitandika karatasi ya alumini kwenye waya wa chini. Washa nyuzi 230 hadi 260 za Selsiasi na ukiache saa moja. Fungua madirisha, kutakuwa na moshi. Zima, usifungue mlango, kiache kipoe humohumo. Chuma kilichoparuliwa hadi kikabaki kitupu kinahitaji kurudia mara tatu au nne. Baada ya mara ya kwanza kitakuwa cha kahawia chenye mabaka, na wengi hukata tamaa hapo. Weusi huja kwa kupika.

Mafuta yapi yanafaa?

Alizeti, soya, kanola, mahindi: yaliyo jikoni kwako yanatosha. Mafuta ya mimea yaliyosafishwa hushikana vizuri kwa sababu yana kwa wingi asidi za mafuta zisizokolea, aina inayoungana kwa urahisi kwenye joto. Shahamu ya nguruwe imetumika kwa vizazi na inafanya kazi. Siagi ina maji na chembe za maziwa zinazoungua, iache kwa ajili ya mkate.

Mafuta ya mbegu za kitani yalipigiwa debe sana intanetini. Ni kweli hukauka haraka na kutoa utando mgumu unaovutia kwa macho. Utando huo pia una sifa mbaya ya kuvunjika na kubanduka vipande kikaango kinapopanuka na kusinyaa. Sioni sababu ya kulipia zaidi kwa ajili ya hilo.

Sina oveni. Je?

Komaza juu ya jiko. Pasha kikaango polepole, paka mafuta kidogo, futa kama ilivyoelezwa, acha kifuke moshi kwa dakika chache, zima. Rudia mara kadhaa. Kuta na kitako cha nje havitapata utando sawasawa, lakini pale pa kupikia patakuwa sawa.

Nimekomaza na sasa kinanata kama gundi.

Mafuta yalikuwa mengi, au moto ulikuwa mdogo. Kirudishe kwenye oveni kwa joto lilelile saa moja zaidi bila kuongeza mafuta. Kwa kawaida hukauka. Kama yalijikusanya yakawa matone yaliyoganda, yasugue kwa waya wa kusugulia masufuria mpaka pawe sawa, kisha upake upya, safari hii ukifuta kwa nguvu.

Ni kweli sabuni ni mwiko?

Si kweli tena. Zamani sabuni za vyombo zilitengenezwa nyumbani na mara nyingi zilibaki na soda kali isiyokwisha kugeuka sabuni, na soda hiyo hula utando. Sabuni za maji za siku hizi hazina kitu hicho. Zinaondoa mafuta yaliyo majimaji, si yale yaliyokwisha kuwa utando. Tone moja la sabuni na sponji halitadhuru chochote. Utando unaotoka kwa sabuni ya kawaida haukuwa umekomaa.

Mwiko wa kweli ni kukiloweka. Usikiache ndani ya sinki usiku kucha, wala usikitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo, ambayo huunganisha sabuni kali, maji ya moto na unyevu wa muda mrefu kwa pigo moja.

Nikioshe vipi kila siku?

Kikiwa bado na joto la kuvumilika, maji ya vuguvugu na brashi. Kikiwa kimetoka motoni sasa hivi, subiri: maji baridi juu ya chuma kinachowaka yanaweza kukipasua papo hapo. Mabaki yaliyong'ang'ania yasugue kwa chumvi ya mawe na kitambaa, au chemsha maji kidogo ndani yake dakika mbili kisha uparue kwa mwiko wa mti. Wengine hutumia kipande cha wavu wa pete za chuma, na ni chombo kizuri.

Kisha kikaushe kwa kitambaa na kukirudisha jikoni mpaka mvuke wa mwisho upotee. Kingali moto, kipanguse kwa tone la mafuta ukalifuta. Kazi yote haizidi dakika tatu.

Kimeshika kutu. Kimekufa?

Hakijafa. Kutu nyepesi ya rangi ya machungwa, inayotokea ukikiacha na maji, isugue kwa waya, osha, kausha, paka mafuta, basi.

Kutu iliyofunika chombo chote inataka siki. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, kizamishe, na uwe unakitazama kila baada ya nusu saa hivi, ukisugua kile kilicholegea. Usikilaze humo hadi asubuhi: siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe, na itakuachia uso wa kijivu uliochimbika. Kikitakata, suuza, kausha haraka na ukomaze siku hiyohiyo, kwa sababu chuma kitupu hushika kutu mpya mbele ya macho yako.

Tabaka nene la mafuta yaliyoungua miaka mingi halisikii siki. Hapo hutumika kostiki soda kwenye ndoo ya plastiki. Haidhuru chuma, lakini inaunguza ngozi na kupofusha macho, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima, na soda ndiyo hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda. Iweke mbali na alumini. Wanaotumia umeme wa betri kuondoa kutu, chombo kikiwa ndani ya maji, wasifunge kipande cha stenlesi kwenye waya wa pili, kwani hutoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji.

Njia ya kukitupa ndani ya moto wa kuni mpaka kiwe chekundu inasifiwa sana, na imeharibu vikaango vingi. Programu ya kujisafisha ya oveni nayo imepinda na kupasua vingine.

Vipande vyeusi vinabanduka kwenye chakula. Ni hatari?

Ni chakula kilichoungua au utando uliokuwa mnene mno. Havipendezi lakini havina madhara makubwa. Sugua sehemu hiyo kwa chumvi au waya hadi kingo za kidonda ziwe sawa, halafu endelea kupika. Weusi kidogo kwenye kitambaa cha kufutia nao ni jambo la kawaida.

Mayai yanashika kila mara. Nakosea wapi?

Mara nyingi ni moto. Chuma hiki hakihitaji moto mkali. Kikishapashwa taratibu hushika joto, na mtu aliyezoea vikaango vyepesi hupitiliza bila kujua. Punguza, weka mafuta baada ya chuma kupata joto, na usiguse chakula mapema: nyama na samaki hushika mwanzoni, kisha hujiachia vyenyewe upande wa chini ukishakauka na kupata rangi. Kwa kikaango kipya, anza na vitu vyenye mafuta na vya kukaanga, mayai yaje baadaye. Hata hivyo usitarajie yateleze kama kwenye Teflon, ule utando wa plastiki wa vikaango visivyonata. Faida yako ni kwamba utando wa chuma ukiharibika unaupaka upya, ilhali ule wa Teflon huanza kuoza kwa joto la zaidi ya nyuzi 260 na haurudi.

Vipi nyanya, ndimu na siki?

Mchuzi wa nyanya wa dakika kumi na tano kwenye kikaango kilichokomaa hauna shida. Kuuchemsha saa mbili ndiyo tatizo: asidi inadhoofisha utando na chakula kinapata ladha ya chuma. Usihifadhi chakula humo usiku, hata kisicho na asidi.

Ni kweli pia kwamba madini ya chuma huingia kwenye chakula, hasa cha majimaji chenye asidi kilichopikwa kwa muda mrefu. Kwa wengi hilo halina neno. Mwenye upungufu wa damu asilichukulie kama dawa, na mwenye hemokromatosisi, ambaye mwili wake hulimbikiza madini hayo, amwulize daktari kwanza.

Kinafaa kwenye jiko la aina gani?

Gesi, umeme, makaa, kuni, oveni: kote. Kwenye jiko la indaksheni, linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku, kinafaa sana kwa sababu chuma huvutwa na sumaku, ila anza na nguvu ndogo, maana joto la ghafla katikati linaweza kukipinda. Kwenye jiko la kioo kinyanyue, usikiburute. Maikrowevu hapana. Na popote kilipo, mpini wake ni chuma kilekile: kitambaa cha kushikia kiwe mkononi kabla hujanyoosha mkono.

Naweza kutumia mwiko wa chuma?

Ndiyo. Wenye ncha butu tena husaidia kusawazisha uso.

Nikihifadhi vipi?

Pakavu. Ukivipanga kimoja juu ya kingine, tenganisha kwa karatasi, na mfuniko usibane: acha upenyo hewa ipite. Kama hutakitumia kwa miezi, usikiache na mafuta mabichi, yatachacha na kunuka. Kipitishe kwenye oveni mara moja kama unakomaza, kisha ukiweke.

Kimepasuka. Kinaweza kuungwa?

Fundi mahiri anaweza kuchomea chuma cha kusubu, lakini ni kazi ngumu. Kinatakiwa kupashwa moto kabla na kupozwa polepole, na mara nyingi ufa mpya hutokea kando ya kiungo. Kwa chombo kitakachopanda na kushuka joto kila siku, gharama haina maana. Kama ni cha ukumbusho, kitundike ukutani. Kama si cha ukumbusho, kipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nao watakiyeyusha.